Hedifoni za Sh38,000: Unanunua Utulivu au Unanunua Deni?

Naomba nianze na hesabu yangu mwenyewe, usije ukadhani nakufundisha kitu ambacho hakijanipata.

Mwaka jana nilinunua hedifoni zinazozima kelele. Bei ya kulipa mara moja ilikuwa Sh38,000. Sikuwa nazo. Nilikuwa na Sh8,000, nikatoa hizo kama malipo ya kwanza, halafu nikakubali kulipa Sh1,600 kila wiki kwa wiki 26 kupitia simu. Sasa jumlisha: 8,000 na 41,600 ni Sh49,600. Nililipa Sh11,600 zaidi kwa sababu moja tu, sikuweza kusubiri.

Hii ni blogu ya kampuni ya malipo, kwa hivyo ungetarajia nikuambie ununue, ulipe, maisha yaendelee. Lakini mteja anayenunua kitu kisichomfaa kwa deni asiloliweza hawi mteja mzuri wa mtu yeyote. Maoni yangu ni haya: kwa wengi wetu Nairobi, hedifoni za bei hiyo hazistahili. Kwa wachache zinastahili kabisa. Na mara nyingi kinachoamua uko upande gani ni kazi unayotaka zikufanyie, pamoja na njia unayotumia kuzilipia.

Kwa nini nilizitaka

Naishi Mountain View, kwenye SQ nyuma ya nyumba kubwa. Ukisikia jina la mtaa unaweza kufikiri ni kimya tu na ndege wakiimba. Kweli, ndani kuna miti na mageti. Lakini Waiyaki Way iko hapo tu, malori ya kwenda Nakuru yanapanda usiku na mchana, na Kangemi ni jirani. Ploti ya karibu yetu wanajenga fleti. Kuanzia saa mbili asubuhi kuna mtu anakata vyuma.

Kazi yangu naifanyia nyumbani. Nasimamia kurasa za mitandaoni za biashara ndogo tatu, na nusu ya kazi ni simu. Siku moja nikiongea na mteja wangu, mama mwenye duka la vitambaa kule Westlands, akanikatiza: "Mwanangu, uko kazini ama uko gereji?"

Nilicheka, lakini iliniuma. Biashara yake ilikuwa inanipa Sh15,000 kwa mwezi. Jioni hiyo nikaanza kutafuta hedifoni. Kila video niliyotazama ilisema zitabadilisha maisha yangu.

Zilipofika nilivaa, nikabonyeza kitufe, na nakubali kwamba nilishangaa. Ule mvumo wa barabara ulipotea, kama mtu amefunga dirisha. Nikampigia mama wa vitambaa kwa furaha zote. Tuliongea dakika mbili hivi, kisha akasema: "Mwanangu, hao wachomeleaji bado mko nao?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba nilikuwa nimenunua dawa ya ugonjwa mwingine.

Kile ambacho hakuna muuzaji aliyeniambia

Hedifoni hizi zinasafisha masikio YAKO. Hazisafishi masikio ya mtu unayeongea naye. Yeye anasikia kile kinachoingia kwenye maikrofoni, na maikrofoni ya hedifoni kubwa iko pale sikioni, mbali na mdomo. Zipo zenye maikrofoni kadhaa zinazojitahidi kuchuja sauti, lakini mashine ya kukata vyuma ikiwa karibu, maikrofoni ndogo inayokaa mbele ya mdomo, kama zile za watu wa kituo cha simu, mara nyingi hufanya kazi vizuri zaidi. Ya kwangu niliipata kwa Sh2,500. Mama wa vitambaa hajauliza tena kuhusu gereji.

Yaani tatizo la Sh2,500 nililitibu kwa Sh49,600.

Ili uelewe kwa nini, ni vizuri kujua kifaa hiki kilitengenezwa kwa ajili ya nini. Mwaka wa 1978, Amar Bose, mwanzilishi wa kampuni ya Bose, alikuwa kwenye ndege akirudi Marekani kutoka Uswisi. Alivaa hedifoni za ndege, na mngurumo wa injini ukameza muziki. Akaanza kupiga hesabu za namna ya kuuondoa mngurumo huo humo humo safarini. Mwaka wa 1989 kampuni yake ilitoa hedifoni za marubani, na mwaka wa 2000 ikatoa QuietComfort kwa wasafiri wa kawaida.

Zinavyofanya kazi ni hivi. Sauti ni wimbi. Maikrofoni ndogo zilizo kwenye hedifoni husikia kelele ya nje, kisha kifaa hutoa wimbi lililo kinyume chake, la kwanza likipanda hili linashuka, na mawimbi hayo mawili yanauana. Hilo linawezekana vizuri kwa sauti nzito inayoendelea bila kubadilika: injini ya ndege, jenereta, feni, mvumo wa barabara. Sauti ya ghafla au kali ni ngumu zaidi kwa kifaa kuifukuzia: honi, mtoto analia, mbwa anabweka, nyundo, kondakta anaita abiria, mhubiri ameshika maikrofoni.

Sasa jiulize, kelele yako wewe ni ipi kati ya hizo? Ukikaa kando ya Waiyaki Way na mvumo wa magari ndio unakukosesha usingizi au kazi, hedifoni zitakusaidia sana. Kama shida yako ni kesha la Ijumaa au jirani anayegombana na mkewe, sauti itapungua, lakini utasikia. Kwa kelele za aina hiyo, vizibo vya sifongo vya kuweka masikioni, vile vya kuuzwa kwenye duka la dawa, vinaweza kukusaidia kwa bei ndogo sana. Havina betri, havichajiwi, na mwizi hana haja navyo.

Sababu moja nzuri ya kuzinunua: masikio yako

Nisiwe mtu wa kukosoa tu. Kuna hoja moja ya kuzinunua ambayo naiheshimu, nayo ni afya.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukiongeza sauti kidogo tu, muda unapungua kwa kasi. Kwenye desibeli 85 muda salama ni kama saa 12 na nusu kwa wiki. Kwenye desibeli 90 ni saa nne tu. Kila desibeli tatu zinazoongezeka hukata muda huo kwa nusu. Na sikio likishaharibika kwa kelele halirudi lilivyokuwa.

Fikiria sasa safari ya kawaida. Uko ndani ya matatu kutoka tauni, jioni, msongamano umeanzia Museum Hill. Injini inanguruma, spika za gari ziko juu. Unafanya nini? Unaongeza sauti ya iafoni zako ili usikie podikasti yako. Ukifika Kangemi umeshajimwagia masikioni kelele juu ya kelele kwa saa nzima. Mtu mwenye hedifoni zinazozima mngurumo anaweza kusikiliza kwa sauti ya chini. Hiyo ni faida ya kweli.

Lakini ona kwamba faida hiyo haihitaji Sh38,000. Siku hizi zipo za kati, za Sh6,000 hadi Sh12,000, zinazozima mvumo vya kutosha. Hazizimi kama zile za bei ya juu. Muziki wake si mtamu vile, na plastiki yake ni plastiki kweli. Ila kwa mtu anayetaka kupunguza sauti kwenye matatu, anapata sehemu kubwa ya faida kwa sehemu ndogo ya bei. Hata iafoni za kawaida zenye mpira unaoziba sikio vizuri hupunguza kelele kiasi.

Na tafadhali, ukishuka, zivue. Kuvuka Waiyaki Way au kupanda boda ukiwa husikii honi ni hatari. Pia mtu aliyekaa dirishani kwenye msongamano akiwa amefumba macho, amevaa kitu cha ngiri thelathini na nane kichwani, wenye mikono myepesi wanamwona kutoka mbali.

Tupige hesabu ya saa

Bei ya kitu peke yake haikuambii kama ni ghali. Igawanye kwa saa utakazokitumia.

Mtu wa kwanza anafanya kazi na hedifoni saa nne kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki 50 kwa mwaka. Hizo ni saa 1,000 kwa mwaka. Zikidumu miaka mitatu, Sh38,000 gawanya kwa saa 3,000 ni kama Sh13 kwa saa. Kama anahariri sauti, anaandika programu au anatafsiri, na utulivu unamwezesha kumaliza kazi moja zaidi kwa mwezi, hizo pesa zitarudi. Huyo simwambii asinunue.

Mtu wa pili anazivaa kwenye matatu tu, saa moja kwa siku. Hizo ni saa 250 kwa mwaka, saa 750 kwa miaka mitatu. Bei yake ni zaidi ya Sh50 kwa saa. Anajilipia nauli mara mbili, ya gari na ya kichwa.

Mtu wa tatu ananunua za Sh8,000, anazitumia saa nne kwa siku kama yule wa kwanza, zinakufa baada ya miaka miwili. Amelipa Sh4 kwa saa.

Weka pia bei hizi kando ya mapato. Kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa kawaida hapa Nairobi kilipotangazwa mwaka wa 2022 kilikuwa Sh15,201 kwa mwezi. Hedifoni za Sh38,000 ni miezi miwili na nusu ya mshahara huo, bila kula. Na hizo si hata zile za juu kabisa. AirPods Max zilipotoka mwaka wa 2020 zilikuwa dola 549 kule Marekani. Sony WH-1000XM5 zilitoka mwaka wa 2022 kwa dola 399. Zikifika kwetu kuna usafiri, kuna ushuru, kuna VAT ya asilimia 16, na muuzaji naye lazima ale.

Deni halina kitufe cha kuzima

Sasa nifike kwenye sehemu inayoniuma.

Wiki ya kumi na moja ya malipo yangu, mama alinipigia kutoka nyumbani. Alihitaji Sh2,000 za dawa ya presha. Hakuwa ameniomba kitu miezi mingi. Ilikuwa Ijumaa, na asubuhi hiyo Sh1,600 za hedifoni zilikuwa zimetoka. Kwenye simu yangu kulikuwa na Sh340. Nilikopa kwa simu nikamtumia, na mkopo huo nao ukawa na ada yake.

Alipokuja Nairobi mwezi uliofuata aliziona mezani. Akauliza, "Hizi ni za kufanya nini?"

"Za kunyamazisha kelele, mama."

"Na zilikuwa pesa ngapi?"

Nikamwambia bei ya dukani. Ile ya kweli, Sh49,600, sikuweza kuitamka mbele yake.

Shida ya malipo ya kidogo kidogo ni kwamba macho yetu huangalia kile kidogo. Sh1,600 kwa wiki inaonekana kama pesa ya chakula cha mchana. Lakini nilikuwa nimekopeshwa Sh30,000 na nikarudisha Sh41,600 ndani ya miezi sita. Hiyo ni riba ya karibu asilimia 39 kwa nusu mwaka. Sacco ikikutajia riba kama hiyo utatoka mbio. Dukani niliipokea kwa tabasamu kwa sababu ilikuja imevaa nguo ya "kwa wiki tu".

Sisemi lipa polepole ni mbaya. Mwenye boda anayechukua pikipiki kwa mkopo anapata pesa kila siku kutokana nayo. Fundi anayechukua cherehani hivyo hivyo. Kifaa kinalipa deni lake chenyewe. Hedifoni zangu hazikuniletea hata shilingi moja kulipa deni lao. Hilo ndilo swali la kujiuliza kabla ya kubonyeza kukubali: je, hiki kitu kitanisaidia kulipa, au nitakilipia kutoka kwenye unga?

Ningefanya nini tofauti

Ningeweka Sh1,600 hizo hizo kila wiki kwenye akiba ya simu, tena nifungie nisiguse. Nikianza na zile Sh8,000, wiki ya 19 ningekuwa na Sh38,400. Ningenunua kwa pesa taslimu wiki saba mapema kuliko nilivyomaliza deni, na Sh11,600 ingebaki kwangu. Na ile Ijumaa ya mama, pesa ya dawa ingekuwepo. Akiba inaweza kungoja wiki moja, deni haliwezi.

Tena kusubiri kuna faida nyingine. Toleo jipya likitoka, bei ya lile la zamani hushuka, na masikio yako hayatajua tofauti. Na ukifika wiki ya kumi na tano ukakuta hamu imeisha, umejua hukuzihitaji. Pesa unayo bado.

Kama umeamua kununua, linda pesa yako

Ukishapiga hesabu na ukaona wewe ni yule mtu wa kwanza, hongera, nunua bila aibu. Ila fuata haya:

1. Zijaribu kwanza mahali penye kelele. Usizijaribu ndani ya duka lililo kimya. Nenda maduka ya kule Luthuli Avenue au Moi Avenue, omba kusimama mlangoni. Kelele ya nje iko ya kutosha. Bonyeza kitufe, washa, zima, sikia tofauti. Kama hakuna tofauti, rudisha.

2. Bei ikiwa tamu sana, jiulize. Hedifoni za Sh38,000 zikiuzwa Sh4,500 na mtu anayekuambia "boss, hii ni orijino, ilitoka na cousin wangu Dubai", ujue unanunua sura tu. Nakala hukopi boksi, nembo na hata namba ya nyuma. Kile zisichoweza kukopi ni ule utulivu. Kenya ina Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia, iliyoanzishwa chini ya sheria ya mwaka wa 2008, na unaweza kuripoti huko.

3. Lipa kwa till ya biashara, usitume kwa namba ya mtu. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea. Duka likiitwa hivi na jina likija la mtu mwingine kabisa, simama uulize. Ukinunua mtandaoni, chagua kulipa baada ya kufungua na kujaribu.

4. Weka ujumbe wa malipo pamoja na risiti. Kumbuka pia kwamba kurudishiwa pesa uliyotuma kwa namba isiyo sahihi ni jambo moja, na kurudishiwa pesa ya bidhaa mbovu ni jambo jingine. La pili ni kati yako na muuzaji, na silaha yako ni risiti na waranti. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, lakini bila ushahidi wa kununua utakuwa unabishana tu.

5. Kwa malipo ya polepole, uliza swali moja: "Jumla yote nitakuwa nimelipa ngapi?" Usikubali jibu la kwa siku au kwa wiki. Andika jumla hiyo kando ya bei ya taslimu, utoe. Kinachobaki ndicho unacholipia kutosubiri.

Na kelele yenyewe je?

Kuna jambo tunalisahau. Tunanunua vifaa vya kujificha kutoka kwa kelele ambayo wakati mwingine hairuhusiwi. Kanuni za NEMA za mwaka wa 2009 zinaweka viwango vya kelele kwenye maeneo ya makazi, na vya usiku ni vya chini kuliko vya mchana. Mimi nilienda kwa msimamizi wa ile ploti ya jirani, nikamsalimia vizuri, nikamweleza kazi yangu. Akaniambia, "Ungekuja mapema, kijana. Kukata tunaweza kufanya baada ya saa sita, asubuhi tufanye kazi nyingine." Haikunigharimu chochote. Si kila jirani atakuwa hivyo, lakini anza hapo kabla ya kufungua simu kulipa.

Hedifoni zangu bado ninazo, na deni limeisha. Zinanipa saa mbili nzuri za kuandika kila asubuhi, na hilo nashukuru. Ila ukiniuliza kama zilistahili Sh49,600, nitakujibu hapana. Zilistahili Sh38,000? Kwa kazi yangu ya leo, labda, kama ningezinunua baada ya kuweka akiba. Anza kwa kujua kelele yako ni ya aina gani, kisha andika ile jumla ya mwisho kwenye karatasi. Ukiitazama na bado unaweza kumtajia mama yako bila kuona haya, lipa.